Nani Kamshika Nani? Visawe vya Dhana ya Kuzuiwa na Kujizuia katika Historia ya Usambara

Ikisiri

Neno la Kiingereza restrained hubeba maana mbili: hali ya aliyezuiwa na mwingine, na sifa ya mtu anayejitawala mwenyewe. Kiswahili hakina neno moja linalozibeba zote mbili. Makala haya yanachunguza maneno yanayogawana uga huo, yakiwemo -zuia, -funga, -bana, -jizuia, kiasi, staha, haya na utulivu, kwa kuyafuatilia katika historia ya milima ya Usambara, kuanzia utawala wa Wakilindi wa Vugha hadi amri za matuta za miaka ya 1946–1957 na kauli za hifadhi za baadaye. Hoja kuu ni kwamba maneno haya yanatofautiana katika jambo moja la msingi, yaani nani anamshika nani, na kwamba kuyaorodhesha kama visawe sawasawa huficha jambo hilo katika kamusi, katika tafsiri na katika uandishi wa historia.

1.0 Utangulizi

Mfasiri anayeshughulikia maandishi ya Kiingereza kuhusu historia ya Usambara hukutana mapema na sentensi inayosema kwamba mtawala fulani alikuwa restrained. Akifungua kamusi atapata safu ya maneno yaliyotenganishwa kwa mkato: aliyezuiwa, aliyejizuia, mtulivu, mwenye kiasi. Mkato huo unamwambia kwamba achague lolote. Hata hivyo, akiandika kuwa mtawala alizuiwa, amesema kwamba kulikuwa na nguvu nyingine juu yake au kando yake. Akiandika kuwa mtawala alikuwa mtu wa kiasi, amesema kwamba nguvu zote zilikuwa mikononi mwake naye hakuzitumia zote. Hizo ni habari mbili zinazopingana kuhusu dola moja.

Kiingereza humruhusu mwandishi kunyamaza kuhusu mshikaji. Kiswahili hakitoi ruhusa hiyo kwa urahisi, kwa kuwa kauli za vitenzi na uteuzi wa nomino humlazimisha msemaji kuonyesha upande. Makala haya yanaanza kwa kupanga maumbo yenyewe, kisha yanayafuata katika vipindi vitatu vya historia ya Usambara: utawala wa Vugha, kazi ya lugha ya wamisionari, na amri za kilimo za wakoloni. Mwishoni yanarudi kwenye matumizi ya leo.

2.0 Uga wa maana na mgawanyo wake

Kitovu cha uga huu ni kitenzi -zuia. Mnyambuliko wake unaonyesha mgawanyo kwa uwazi. Alizuiwa na alizuiliwa vinahitaji mtenda mwingine, hata asipotajwa. Haizuiliki huzungumzia uwezekano: mafuriko hayazuiliki, yaani hakuna mwenye nguvu ya kuyakomesha. Alijizuia humfanya mtu mmoja kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Kiambishi rejeshi -ji- ndicho kinachobeba historia nzima ya nafsi iliyogawanyika, sehemu moja ikivuta na nyingine ikishika.

Kitenzi -funga kinaenda mbali zaidi. Kufungwa ni kutiwa kifungoni. Kufunga, bila yambwa, ni kuacha chakula na kinywaji kwa ibada. Mfungwa na mfungaji wa Ramadhani wametoka katika mzizi mmoja, wote wawili wamenyimwa kitu, lakini wa kwanza amenyimwa na wa pili amejinyima. Nomino adabu nayo ina nyuso mbili: mtu mwenye adabu anasifiwa, ilhali mtu aliyetiwa adabu ameadhibiwa. Methali isemayo kuwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe inauunganisha ukingo mmoja na mwingine, kwa kuwa mzazi asiyemzuia mtoto leo anamkosesha uwezo wa kujizuia kesho.

Kundi la pili ni la sifa. Hapa lugha inaacha kabisa mzizi -zuia. Mtu anayejitawala haitwi mzuiwa. Huitwa mtu wa kiasi, mwenye staha, mwenye haya, mtulivu, mpole au mvumilivu. Maneno haya nayo hayabadilishani nafasi. Kujizuia ni tukio: alijizuia asicheke msibani. Kiasi ni mazoea yaliyokwisha kuwa tabia, na chanzo chake katika Kiarabu ni kipimo, kwa hiyo mtu wa kiasi ni yule anayejua mahali pa kuishia. Staha ina mlengwa, kwa sababu kitenzi -stahi huchukua yambwa: anamstahi mzee, anamstahi mkwe. Haya huishi ndani ya mtu hata akiwa peke yake. Utulivu unaonekana kwa nje na unaweza kuwa wa mtu, wa bahari au wa rangi ya nguo. Kwa mtindo wa uandishi au wa sanaa, msemaji wa Kiswahili hupendelea kukanusha ziada: mtindo usio na makeke, mapambo yasiyo na madoido.

Kwa hiyo uga una ncha mbili. Katika ncha moja kuna mkono wa mwingine: -zuiwa, -fungwa, -banwa, -katazwa, mahabusu. Katika ncha ya pili kuna mkono wa mtu juu ya nafsi yake: kiasi, staha, haya, utulivu. Kati yao kuna -jizuia na kufunga, maumbo ya daraja. Historia ya Usambara inaonyesha kuwa uteuzi kati ya ncha hizi ulikuwa suala la mkate, ardhi na uhai.

3.0 Vugha: mtawala asiyezuiwa

Simulizi ya asili ya ukoo wa Wakilindi, kama ilivyohifadhiwa katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, huanza na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu baada ya kukataliwa na jamaa zake. Anaingia milimani akiwa mgeni mwenye silaha na mbwa, anawaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anagawa nyama, na huko Vugha anamuua simba. Watu wanampa utawala. Cheo cha warithi wake, Simba Mwene, kinamfananisha mtawala na mnyama yuleyule anayeogopwa. Simulizi haifichi kwamba mwenye uwezo wa kuilinda nchi ana uwezo wa kuirarua.

Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu dola ya Wasambaa na kingine cha 1990 kuhusu wanafikra wa vijijini, ameonyesha kwamba fikra za kisiasa za Wasambaa zilizunguka jozi ya kauli mbili za Kisambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru nchi. Mvua, ndizi na mahindi vilihusishwa na hali ya utawala. Aidha, alieleza kauli nyingine, nguvu kwa nguvu, iliyotaja hali ya watawala wawili wenye uwezo unaokaribiana kupambana juu ya nchi moja. Hali hiyo ilileta njaa. Nchi ilipona pale nguvu moja iliposhinda nyingine zote.

Hapa ndipo tofauti ya maneno yetu inapokuwa na uzito. Msomaji wa leo, aliyezoea fikra kwamba utawala mwema ni utawala uliodhibitiwa na mihimili mingine, angetarajia Wasambaa wamsifu mtawala aliyezuiwa. Fikra ya Vugha ilikwenda njia nyingine. Mtawala aliyezuiwa na wapinzani ndiye aliyekuwa hatari, maana kuzuiwa kwake kulikuwa ndiyo nguvu kwa nguvu. Mtawala asiye na mpinzani hakuwa na sababu ya kupora, kwa kuwa watu wote na mazao yote yalikuwa yake, na kumdhuru raia kulikuwa kujidhuru. Utulivu wa nchi ulitegemea kiasi cha mtu ambaye hakuna aliyeweza kumzuia.

Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hadi kifo chake mwaka 1862, ndiye kielelezo kilichokumbukwa kwa hali hiyo. Wanawe waliwekwa kuwa machifu katika maeneo mbalimbali, na wote walitazama Vugha. Alipofariki, mizani ilivunjika. Semboja, aliyejiimarisha Mazinde kwenye njia ya misafara tambarareni, alipata bunduki kwa biashara na kushindana na Vugha. Wabondei walijikomboa kutoka kwa Wakilindi katika uasi uliojulikana kwa jina la Kiva. Watu walitekwa na kuuzwa utumwani. Machifu wa wakati huo walizuiana kila mmoja na mwenzake, na kuzuiana huko hakukumpa raia nafuu.

Fikra hii isichukuliwe kuwa ni sifa ya udikteta. Inaonyesha tatizo ambalo kila jamii hulijibu kwa namna yake: endapo hakuna wa kumshika mwenye nguvu, ni nini kitakachomfanya ajishike? Wasambaa walijibu kwa kumbebesha mtawala lawama ya ukame. Kiasi chake kilipimwa shambani.

4.0 Wamisionari, kamusi na asili ya maneno

Johann Ludwig Krapf alifika Usambara mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akaonana na Kimweri. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Edward Steere alichapisha mkusanyo wake kuhusu Kisambaa huko Zanzibar mwaka 1867. Misheni ya Bethel ilianza kazi Mlalo mwaka 1891. Kwa njia hiyo, milima hii ilikuwa mapema sana mahali ambapo Kiswahili cha pwani na Kisambaa vilipimwa pamoja mezani kwa watafsiri.

Kwa mada yetu, mtu muhimu zaidi ni Karl Roehl. Alihudumu Usambara chini ya Misheni ya Bethel, na mwaka 1911 alichapisha sarufi ya Kisambaa. Baadaye alitafsiri Biblia kwa Kiswahili: Agano Jipya lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Msimamo wake unajulikana. Aliona kwamba Kiswahili kilikuwa kimelemewa na maneno ya Kiarabu, akajitahidi kuweka maneno ya Kibantu mahali pake. Nabii akawa mfumbuaji. Torati ikawa Maonyo.

Mjadala kuhusu Roehl kwa kawaida umeendeshwa kwa hoja za usafi wa lugha na uelewekaji. Uga wa kujizuia unatuonyesha tatizo la aina nyingine. Tukiyapanga maneno ya sehemu ya pili kwa asili yake, sura inayojitokeza si ya kubahatisha. Vitenzi vya kushikwa na mwingine vingi ni vya Kibantu: -zuia, -funga, -bana, -kataza, -onya. Nomino za kujitawala nyingi zina asili ya Kiarabu: kiasi, staha, haya, subira, adabu, nidhamu. Kwa upande wa Kibantu husalia upole, utulivu na uvumilivu, maneno mazuri yanayotaja hali ya mtu kwa nje au uwezo wake wa kubeba mzigo. Hayataji kipimo wala mlengwa. Mpole anaweza kuwa mpole kwa kuzaliwa, na mvumilivu anaweza kuvumilia kwa sababu hana njia nyingine. Mtu wa kiasi ana njia nyingine na ameiacha.

Hivyo anayeondoa tabaka la Kiarabu katika uga huu haondoi mapambo. Anapunguza uwezo wa lugha kutofautisha kati ya anayenyamaza kwa sababu amebanwa na anayenyamaza kwa sababu amepima. Hata neno Maonyo, lililowekwa mahali pa Torati, linaisogeza sheria kutoka kwenye mafundisho ya kujiongoza kwenda kwenye sauti ya nje inayomwonya mtu. Haimaanishi kwamba Roehl alikosea kuwatafutia wasikilizaji wa bara lugha iliyo karibu nao. Lengo hilo lilikuwa la haki. Inamaanisha kwamba maneno ya mkopo yalikuwa yamekwisha kujenga chumba ndani ya nyumba, na chumba hicho kilikuwa kinakaliwa. Tafsiri ya Biblia ya muungano iliyotoka mwaka 1952 ililihifadhi neno kiasi katika orodha ya tunda la Roho kwenye Wagalatia 5. Waislamu wa Usambara nao waliendelea kulijua neno kufunga kwa maana yake ya hiari. Chumba kilibaki wazi.

5.0 Kutoka kadi za kazi hadi matuta

Utawala wa Kijerumani, uliouita mji wa Lushoto Wilhelmstal, ulileta namna mpya ya kuzuia. Mwaka 1907 ulianzishwa huko utaratibu wa kadi za kazi, uliomtaka mwanamume kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi 4. Kadi haikumfunga mtu kwa kamba. Ilimbana kwa hesabu: siku zilizochorwa katika karatasi zilikuwa siku zilizoondolewa shambani kwake.

Waingereza, waliotawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliendeleza mkono huohuo kwa lugha ya utaalamu. Mwaka 1946 mpango wa kurekebisha ardhi ulianza katika bonde la Mlalo, kisha ukapanuliwa Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima matuta kufuata kontua za miteremko, kulima katika miteremko mikali kulizuiwa, na ufugaji ukawekewa masharti. Asiyetii alishtakiwa na kutozwa faini. Watawala wa Kikilindi na wasaidizi wao, waliokuwa sehemu ya serikali ya wenyeji, ndio waliosimamia amri hizo. Mzigo wa jembe uliwaangukia zaidi wanawake.

Kauli ya kitaalamu ya mipango ya namna hii, na ambayo bado iko katika vitabu vya kilimo, ni kuzuia mmomonyoko wa udongo. Tuichunguze kisintaksia. Yambwa ya -zuia ni mmomonyoko, na hakuna mtu anayezuiwa katika kauli hiyo. Lakini mmomonyoko hauwezi kupelekwa mahakamani. Aliyetozwa faini alikuwa mkulima. Kauli ilitaja yambwa moja, na amri ikashika nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya kisiasa ambayo uteuzi wa yambwa unaweza kuifanya bila mtu yeyote kusema uongo.

Upinzani wa wakulima, uliokutana na harakati za TANU, uliukomesha mpango huo mwaka 1957. Feierman ameeleza kwamba wapinzani waliushutumu utawala wa Kikilindi kwa lugha ileile ya zamani: mtawala aliyeshirikiana na Waingereza alikuwa anaidhuru nchi. Hapa kuna mkutano wa maumbo unaostahili kutajwa. Katika Kiswahili, kubana ni kushika kwa nguvu pande zote, kukaza, kukosesha nafasi. Katika Kisambaa, kubana shi ni kuidhuru nchi. Mtu anayeishi katika lugha zote mbili hukuta umbo moja likitaja mkazo katika lugha moja na madhara katika nyingine. Historia ya matuta iliziweka maana hizo mbili katika shamba moja: serikali iliibana nchi kwa maana ya Kiswahili ikidai kuiponya, na wakulima wakasema imeibana kwa maana ya Kisambaa.

Inafaa kukumbuka kwamba wakulima wa Usambara hawakuwa watu wasiojua kujizuia mbele ya ardhi. Kilimo cha migomba iliyochanganywa na mazao mengine, mifereji ya kumwagilia na kuacha mashamba yapumzike vilikuwa vipimo vyao wenyewe. Kilichokataliwa mwaka 1957 kilikuwa mkono wa mwingine ulioingia mahali pa kiasi chao.

Baada ya uhuru, neno lililotawala ni hifadhi. Mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto ulioendeshwa Lushoto kuanzia miaka ya 1980 ulizungumza na wakulima kwa neno hilo, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa katika Usambara Mashariki. Hifadhi ina faida ya kutaja kinachotunzwa. Hata hivyo, kauli ya kutendwa, eneo limehifadhiwa, inarudisha kimya kilekile: limehifadhiwa na nani, na nani amewekwa nje ya mpaka?

6.0 Matumizi ya leo

Mgawanyo tuliouchora bado unafanya kazi, na una sura za kieneo. Vyombo vya habari vya Kenya huandika kwamba mshukiwa anazuiliwa katika kituo cha polisi, ilhali vya Tanzania huandika kwamba mtuhumiwa anashikiliwa. Wote wanataja mkono wa dola, lakini kushikiliwa huonyesha mkono wenyewe, na kuzuiliwa huonyesha njia iliyofungwa. Mfasiri anayehamisha habari kutoka nchi moja hadi nyingine anapaswa kuijua tofauti hiyo.

Katika habari za kimataifa, wito kwamba pande zote zijizuie umekuwa wa kawaida kila vita vinapoanza. Maelezo ya sehemu ya 2.0 yanatusaidia kuusoma. Kujizuia hudai mtenda mwenye nguvu inayoweza kutumika na ambayo yeye mwenyewe anaishika. Wito huo ukielekezwa kwa mwenye mizinga, una maana kamili. Ukielekezwa kwa aliyezingirwa, sarufi inampa uwezo ambao hali yake haina, na lawama inagawanywa sawasawa kati ya watu wasio sawa.

Kwa watunga kamusi, pendekezo ni dogo na linatekelezeka. Kidahizo chenye maana mbili kama hizi kigawanywe kwa namba kabla ya kuorodhesha visawe, kigezo cha kwanza kikiwa mshikaji: mwingine au nafsi. Chini ya nafsi, tukio litenganishwe na tabia, na staha ionyeshwe kuwa huchukua mlengwa. Kwa mfasiri wa historia, swali la kuuliza kabla ya kuandika ni moja: ushahidi unaonyesha mkono wa nani? Pale ambapo matini chanzi imenyamaza, ni bora kueleza kwa kirai kirefu kuliko kuchagua kisawe kitakachotoa hukumu ambayo mwandishi wa kwanza hakuitoa.

7.0 Hitimisho

Mtawala wa Vugha aliyesifiwa alikuwa na kiasi pasipo wa kumzuia. Machifu waliomfuata walizuiana, nchi ikadhurika. Wamisionari walizipima lugha mbili, na mmoja wao akakaribia kuyatoa nje maneno ya kujipima. Wakoloni walisema wanazuia udongo, wakawazuia watu. Katika kila kipindi maneno yanayowekwa leo katika safu moja ya kamusi yalisimama pande tofauti za mzozo. Kisawe kinachofaa hupatikana baada ya kujua nani kamshika nani, na mwanafunzi wa isimu anayepanda Lushoto kukusanya msamiati ana wajibu wa kuliuliza swali hilo kabla ya kuandika mkato wa kwanza.